Jina la Mstari wa Pili

Hivi wewe, umewahi kumwona mtu mzima akisoma kitabu alichokishika kichwa chini miguu juu, na asikosee hata neno? Huko Nkoma walikuwepo. Darasa zima la kisomo cha watu wazima lilikuwa limekariri kitabu cha pamba tangu jalada hadi mwisho, wakakiimba kama wimbo wa palizi, na mwalimu wao akaandika kwamba wote wanajua kusoma. Siku moja mgeni kutoka wilayani akampa mama mmoja karatasi ya maelekezo ya dawa ya kupulizia pamba. Mama akaitazama, akasafisha koo, akaanza: "Pamba ni zao letu, pamba ni mali yetu..."

Watu walicheka mpaka huku kijijini Sapiwi. Nyanjige, mwanakisomo wa hapo Sapiwi, hakucheka sana, maana yeye mwenyewe alipoanza kisomo alikuwa akifuata mdomo wa jirani, mwenzake akisema "ba" naye anasema "ba", macho yakiwa kwenye picha ya ng'ombe. Ndiyo sababu zilipoletwa zile hatua nne za kupimia kisomo, alizipenda kuliko mtu yeyote darasani.

Mwalimu Josia alizibandika ukutani kwa uji wa muhogo. Hatua ya kwanza, mtu anaweza kutambua herufi. Ya pili, anaweza kusoma sentensi fupi na kuandika jina lake. Ya tatu, anaweza kusoma habari fupi na kueleza alichokisoma. Ya nne ndiyo ilikuwa na maneno mengi: anaweza kusoma habari kwa sauti bila kuruka wala kubadili neno, akaieleza, tena akaandika barua ambayo mtu asiyemfahamu ataielewa.

"Ni hizi hizi kila mahali," Josia aliwaambia. "Mtwara ni hizi, Kigoma ni hizi. Ukisema mimi nina hatua ya tatu, mtu wa Mtwara anajua unaweza nini, hata kama hajawahi kuonja michembe yetu ya viazi vikavu."

"Basi huyo wa Mtwara anionee huruma," alisema Mhoja, mzee mchunga ng'ombe ambaye kila mtihani alirudi palepale. "Mimi hatua ya pili nimeioa. Talaka sipati."

Darasa lilikuwa ndani ya ghala la chama cha msingi cha ushirika. Aliyelikuta ghala lile siku zake za neema hawezi kulisahau. Pamba ilijaa mpaka kwenye kenchi, na watoto walifukuzwa wasiruke juu yake. Harufu ya mbegu za pamba ilikupokea mlangoni kabla ya watu. Msimu ukiisha, ghala likabaki tupu, wanakisomo walikalia magunia, na nyuzi nyeupe ziliendelea kuelea hewani jua la mchana likipenya kwenye matundu ya bati. Ubao waliupaka rangi wenyewe, kwa makaa ya betri kuukuu za redio yaliyotwangwa na kuchanganywa na majani ya maboga, na wanawake walishindana nani ameleta majani mabichi zaidi. Walikuja wameshaanika michembe, wameshanawa, na kanga safi mabegani kama watu waendao kanisani. Wanaume waliegemeza plau zao nje, katambuga zao za mpira zimejaa udongo mweusi wa mbuga. Basi mtu akisoma sentensi nzima mpaka nukta, ghala lote linapiga vigelegele. Siku hizi mtoto anasoma gazeti zima na hakuna hata anayegeuza shingo.

Mwaka ninaouzungumzia ni ule ambao wanunuzi binafsi walianza kuingia. Zamani mizani ilikuwa moja, ya chama, imening'inia kwenye mlingoti mbele ya ghala, na kila mtu alijua ugonjwa wake. Sasa kila mnunuzi alikuja na lori lake na mizani yake, na ghala la chama likabaki tupu hata msimuni. Gunia lile lile hapa lilikuwa zito, pale jepesi, na watu walibeba pamba kichwani wakizunguka lori hadi lori, wamechanganyikiwa.

Mwalimu Josia naye alikuwa ameamua. Posho ya kisomo ilikuwa haionekani tena, na shemeji yake wa Lamadi alikuwa amempa nafasi kwenye biashara ya dagaa. Angeondoka baada ya mtihani. Na sheria ya kisomo ilijulikana: darasa hushikwa na mtu mwenye hatua ya nne, la sivyo linafungwa.

Pale Sapiwi, ukimtoa Josia, mwenye hatua ya nne alikuwa mmoja tu, Ngeleja, mdogo wa mume wa Nyanjige, ambaye siku zote alikuwa Bariadi mjini akihangaikia duka. Kila mtu alisema, aa, Ngeleja atashika. Nyanjige aliposikia hivyo alikuwa akipepeta mtama, na aliendelea kupepeta. Lakini moyoni alikuwa na neno lake. Alilitaka lile darasa. Alilitaka tangu siku Josia alipougua malaria akamwambia, "Mama, hebu simama uwaandikie," naye akasimama, chaki ikamkwaruza vidole, akageuka akakuta macho ya watu wote yanamsubiri. Hakuwahi kumwambia mtu. Mke aliyeolewa katika ule mji wa wakwe zake atasemaje kwamba anataka kusimama mbele ya shemeji zake na wazee wa kijiji, awaambie hili ni kosa, rudia? Mumewe angemsikiliza pengine, lakini alikuwa amehamia na ng'ombe upande wa Meatu kutafuta malisho. Basi Nyanjige akajiambia: kwanza nipate hatua ya nne, mdomo utajifungua wenyewe.

Mtahini alikuja na pikipiki ya ofisi. Jina lake Leonidas, mtu wa Bukoba, mwembamba, suruali ameibana kifundoni kwa kibanio cha nguo ili isiguse mnyororo. Aliweka karatasi zake juu ya mlango mbovu uliolazwa kwenye madebe, akaita mmoja mmoja.

Barua Nyanjige aliandika vizuri. Ikaja habari ya kusoma. Waliotunga habari za watu wa pamba walikuwa wamechagua majina ya huku kwetu, wakidhani watatufurahisha. Nyanjige akashika karatasi kwa mikono miwili. Mstari wa kwanza ulimtoka kama maji: "Kijiji chetu kinalima pamba, mtama na viazi." Akaingia wa pili. "Bwana..." Akanyamaza.

Palikuwa pameandikwa Mayala.

Na Mayala ndiye baba mkwe wake. Jina la baba mkwe mwanamke wa Kisukuma hakulitaja. Hakula naye, hakumpa mkono, hakumkazia macho, na jina lake lilikaa kinywani kama kaa la moto ambalo hutemi wala humezi. Tangu aolewe, Nyanjige hakuwahi kupata taabu na jambo hilo. Akitaka kumtaja anasema "mzee wa nyumbani", na watu wanaelewa. Sasa jina lilikuwa mbele yake, jeusi, herufi kubwa mwanzoni, na analisoma vizuri kabisa kwa macho.

"Endelea, mama," alisema Leonidas.

"Bwana... mzee wa nyumbani aliamka alfajiri akachukua bomba la dawa."

Leonidas akainua kalamu. Nyanjige akaendelea. Kila alipofika kwenye lile jina aliweka mzee wa nyumbani. Mwisho akaulizwa maswali, akaieleza habari yote, bomba, dawa, upepo, mpaka sababu ya Bwana yule kuharisha, kwamba alikula kabla ya kunawa. Leonidas akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Umeelewa vizuri sana. Lakini neno umelibadili, tena kila mara. Hatua ya tatu, mama."

Nyanjige alitoka akakaa kwenye kivuli cha ghala na kanga usoni. Ndani Mwalimu Josia alikuwa ameshamrukia mgeni. "Ndugu Leonidas, huyu anasoma! Hilo ni jina la mkwe wake!"

"Mkwe?" Leonidas akaweka kalamu chini. "Lo. Kumbe."

"Mletee habari ya watu wa ndizi," Mhoja alidakia kutoka kwenye gunia lake. "Huko Bukoba hatuna mkwe."

"Karatasi za ndizi ziko Bukoba, mzee wangu. Na wewe ndizi utazisomea wapi, pamba yenyewe imekushinda?"

Watu wakacheka, na Mhoja akacheka kuliko wote. Leonidas akatoka nje, akachuchumaa karibu na Nyanjige. Hakuwa mtu mbaya. Akamwambia kwa sauti ndogo kwamba hata kwao mambo ya ukwe yapo, mama yake mzazi ana majina asiyoyataja mpaka leo. "Tufanye hivi. Urudi usome tena, ukifika pale ruka, mimi nitaziba sikio. Nitaandika nne."

Mbele yao, barabarani, wanawake wawili walikuwa wakishusha gunia kutoka kwenye mizani ya lori moja ili walipeleke kwenye lori jingine.

"Hapana, mwalimu," alisema Nyanjige. "Mizani zimekuwa nyingi msimu huu. Hii moja tuiache ilivyo."

"Mama, ni neno moja tu."

"Wa Mtwara naye ana neno lake moja. Na wale wa Nkoma waliachiwa maneno yote. Ukiziba sikio, nitapata hatua ya nne ya Sapiwi. Mimi siitaki ya Sapiwi."

Leonidas akamtazama, kisha akasimama akapangusa magoti. Akasema atapita tena akimaliza vijiji vya mbele, kabla ya kurudi wilayani. Akiwa tayari, atamsikiliza upya, tangu herufi ya kwanza.

Jioni ile Nyanjige alimfuata mama mkwe wake, Minza, aliyekuwa akikamua. Akamweleza yote. Minza akaendelea kukamua, maziwa yakilia ndani ya kibuyu, chwii, chwii, halafu akasema, "Mkwe hufunguliwa mdomo, ng'wanone, mwanangu. Mimi nilifunguliwa. Ni mwaka ule wezi walipotuswagia ng'ombe. Mwanamke ukipiga yowe lazima utaje mji wa nani umevamiwa, watu wajue pa kukimbilia. Mimi nikapiga yowe bila jina, wanaume wakakimbilia mji mwingine kabisa! Baada ya pale baba mkwe wangu akatoa kondoo, akasema, huyu anitaje."

"Na mimi mzee wa nyumbani atanitolea?"

"Tumuulize."

Wakaenda. Mzee Mayala alikuwa upande wa pili wa ghala dogo la mtama, amekaa kwenye kigoda anasokota kamba ya mkonge. Nyanjige akapiga goti upande wa huku, asimwone. Minza akasimama kwenye kona, katikati yao. Kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa, lakini heshima ni heshima, maneno yalipitia kwa Minza.

"Baba, mwadila," alisema Nyanjige, salamu ya jioni.

"Anasema mwadila," alisema Minza.

"Mwambie mwadila. Mbona yuko hapa na ugali haujaiva?"

"Ugali haujaiva kwa nini?" Minza akapeleka swali.

"Mayu, mama yangu, mwambie naomba kufunguliwa mdomo. Jina lake limeandikwa kwenye mtihani."

Minza akasema. Kamba ikaacha kusokotwa.

"Jina langu? Nani kaliandika?"

"Serikali," alisema Minza, bila kumngoja mkwe.

"Serikali inanijua?"

"Haikujui. Ni Mayala mwingine. Anakula bila kunawa."

Mzee akaguna. Minza akafunika kicheko kwa kanga. Kisha mzee akasema taratibu kwamba mkwe hafunguliwi hivi hivi kwa sababu ya karatasi. Kulikuwa na ng'ombe wameibwa? Kuna moto? "Muulize haja yake nini."

"Ni cheti, baba," alisema Nyanjige.

"Cheti si haja. Barua za mwanangu kutoka Meatu anazisoma, namsikia, hakosei. Dawa ya mifugo anaisoma. Muulize tena, anataka nini hasa?"

Minza akamgeukia. Nyanjige alifungua mdomo. Neno likafika kwenye ulimi, na pale pale akamwona Ngeleja moyoni mwake, akaona vicheko vya kilabuni, akasikia watu wakisema mke wa mji wa Mayala sasa anawafundisha wanaume. Akainama akachora ardhini kwa kidole.

"Hajasema kitu," alisema Minza.

"Nasikia," alisema mzee. Akaendelea na kamba yake.

Siku zile za kungoja zilikuwa ndefu. Nyanjige alitwanga, alipika, alichota maji kisimani, na mzee hakusema ndiyo wala hapana. Mwalimu Josia alianza kufunga mizigo. Leonidas aliporudi, Nyanjige alijifunga kanga akaenda ghalani, akiwa na hakika kwamba anakwenda kunyamaza mara ya pili. Lakini kukaa nyumbani hakuweza.

Ngeleja naye alikuwa amefika kutoka mjini, shati limepigwa pasi, anapeana mikono na watu. Leonidas akaanza na jambo la darasa. Akasema mwalimu anaondoka, na anayetaka kulishika ajitokeze leo, kwa sababu akirudi wilayani bila jina, Sapiwi inafutwa.

"Si Ngeleja huyu hapa?" watu wakasema. "Ngeleja yupo."

"Ah, mimi," Ngeleja akajikuna shingo. "Duka nalo... Lakini kama hakuna mwingine, nitajitahidi kupita pita."

"Kupita pita kama mvua ya mwaka huu," alisema Mhoja. Leonidas akaacha nafasi wazi kwenye karatasi, akasema atamalizia mwisho. Akamwita Nyanjige.

Akasogea mbele ya ule mlango mbovu. Kabla hajapokea karatasi, watu wa mlangoni wakaanza kupisha. Mzee Mayala alikuwa anaingia, na kofia yake ya sikukuu, Minza nyuma yake, mzee mwenyewe akivuta kondoo jike mweupe ambaye hakutaka kuingia hata kidogo. Akamfunga kwenye gunia la mbegu. Akageuza debe, akakaa hapo kizingitini, uso nje, mgongo kwa watu.

"Mwangaluka," alisema, akiisalimia barabara badala ya watu.

"Mwangaluka, baba," ghala likaitikia.

"Kondoo huyu ni wa mke wa mwanangu. Nimemfungua mdomo. Wote mmeona. Anitaje."

Watu wakanong'ona. Leonidas akasimama, hakujua kama apige makofi au akae, akakaa. Akasukuma karatasi mbele.

Nyanjige akasoma. "Kijiji chetu kinalima pamba, mtama na viazi." Akavuta pumzi. "Bwana..." Alimtazama mzee kwa nyuma, shingo ile nyembamba, kola iliyoshonwa na Minza kwa uzi wa rangi nyingine. "Bwana Mayala aliamka alfajiri akachukua bomba la dawa."

Hakuna kilichoanguka. Kondoo alilia, basi. Akasoma mstari wa tatu, Mayala akapulizia dawa upepo ukimjia usoni. Wa nne, Mayala hakunawa. Kila mara lilipotoka lilikuwa jepesi zaidi, na alipofika mahali pa Mayala kuharisha, mabega ya mzee pale mlangoni yalianza kutikisika kwa kicheko, na hapo ghala zima likaachia. Nyanjige hakucheka. Alisoma mpaka nukta ya mwisho, bila kuruka, bila kubadili.

Leonidas akafuata mistari kwa kalamu, akainua kichwa. "Hatua ya nne. Ya Mtwara, mama. Ya Kigoma. Ya kila mahali."

Vigelegele vikapanda mpaka kwenye bati. Minza alikuwa anaruka kama msichana. Vilipotulia, Leonidas akarudisha karatasi ile yenye nafasi wazi. "Haya, tumalizie. Ngeleja nimwandike?"

"Subiri kidogo, bwana mkubwa," alisema mzee Mayala, macho bado barabarani. "Mimi nimetoa kondoo. Sijaambiwa nimemtolea nini. Minza, muulize yule. Alikuwa anataka nini?"

Minza akageuka, akafungua mdomo ili aulize. Nyanjige hakumngoja.

"Darasa, baba," alisema, moja kwa moja kwa ule mgongo, kwa sauti ile ile aliyosomea. "Nilikuwa nataka darasa hili. Nataka kufundisha."